Pombe iliyogoma kuchacha na jiko lililolazwa chumbani: uchambuzi wa kisa cha kipupwe Dodoma

Mtama na uwele wa Dodoma huvunwa kati ya Mei na Julai. Ghala likishajaa, jando hufunguliwa, ngoma huchezwa, harusi hupangwa, na oda za pombe huanza kumiminika kwa wapishi. Kipindi hichohicho ndipo kipupwe kinapokaza. Mji uko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, anga la usiku halina wingu, upepo mkavu wa mashariki haupumziki, na alfajiri za Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mtu wa Makete atasema hiyo si baridi. Lakini ndani ya nyumba ya tofali za saruji yenye bati lisilo na dari, inatosha kuleta mambo mawili kwa usiku mmoja: pombe isiyochacha, na watu waliolala karibu na jiko wasiamke.

Kisa tunachokichambua ni cha mfano. Kimejengwa kwa mambo yanayojirudia katika nyumba za wapika pombe wakati wa baridi, wala si habari ya kaya fulani. Vipimo vya chumba, mapipa na mkaa vimewekwa vya kawaida ili hesabu zifuatike mpaka mwisho.

Kilichotokea

Mpishi ni mama wa makamo anayekaa pembezoni mwa mji, upande wa Mkonze. Amepokea oda ya lita 80 za ujimbi, pombe ya kienyeji ya nafaka, kwa sherehe ya jando, siku ya Jumamosi. Amepika kwa miaka mingi na mkono wake unajulikana. Unga wa mtama kilo 12, kimea cha uwele kilo 4, mapipa mawili ya plastiki ya lita 60, kila moja la kubeba lita 40.

Jumatano mchana amepika uji mzito, akaupoza kwa maji hadi ukawa wa moto wa kustahimilika kidogo, akatia kilo mbili na nusu za kimea, akafunika saa tatu. Uji ukalainika na kuwa mtamu. Akaurudisha motoni, ukachemka hadi jioni. Saa 1 usiku akaugawa kwenye mapipa mawili, akayaacha uani wazi yapoe, kama anavyofanya Oktoba na Novemba.

Alhamisi asubuhi saa 1 akatia kimea kilichobaki, kilo moja na nusu, pamoja na machicha kidogo ya pombe iliyopita. Akayaingiza mapipa kwenye chumba cha pili na kuyaweka juu ya sakafu ya saruji. Kwa mazoea, Ijumaa saa 4 asubuhi pombe ingekuwa inatoa povu na kelele za kuchemka. Ijumaa jioni ilikuwa bado togwa: tamu, nzito, kimya.

Siku hiyohiyo wifi zake wawili walifika kutoka Kongwa kusaidia kuchuja na kugawa, mmoja akiwa na mtoto wa miaka sita. Wakapewa chumba kilekile cha mapipa, maana ndicho kilichokuwa na nafasi. Saa 2 usiku mpishi akaingiza jiko la mkaa lililokwisha kolea. "Wifi, jiko hili lipashe pombe na ninyi msipigwe na baridi," akasema. Akaziba kwa vitambaa uwazi wa juu kati ya ukuta na bati, akaweka gunia chini ya mlango, akaweka sufuria ya maji juu ya jiko. Saa 4 usiku wakaongeza mkaa, wakafunika makaa kwa majivu ili yakae hadi asubuhi. Kwa jumla uliungua mkaa wa gramu 600 hivi.

Saa 11 alfajiri mpishi alipofungua mlango kuangalia pombe, wifi mmoja alikuwa ameketi ukutani akitapika, wa pili haamki ila kwa kutikiswa sana, mtoto amelegea. Pombe ilikuwa imepanda joto kidogo tu, na bado haijachacha.

Kosa la kwanza lilifanyika Jumatano usiku

Wengi wakisikia kisa cha namna hii huruka moja kwa moja hadi kwenye jiko. Sisi tunaanza na pombe, kwa sababu kama ingekuwa imechacha Ijumaa mchana, jiko lisingeingia chumbani kabisa.

Uji uliochemshwa ulitoka motoni ukiwa na nyuzi 96 hivi (kwa mwinuko wa Dodoma maji huchemka hapo, hayafiki 100). Ulikuwa na joto lote ambalo pombe ingelihitaji, na zaidi. Kuuacha wazi uani usiku wa Julai, upepo ukiupiga, ni kulimwaga joto hilo. Alfajiri mapipa yalikuwa na nyuzi 16 au 17. Kimea cha pili na machicha vikatiwa kwenye uji wa baridi.

Chachu ya pombe ya nafaka hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 25 na 32. Joto likipungua kwa nyuzi 10, kasi yake hushuka hadi nusu au theluthi. Pombe iliyozoea kuiva kwa saa 24 ikiwa na nyuzi 28 itachukua siku mbili hadi tatu ikiwa na 17, na hiyo ni kama chachu yenyewe ni nyingi na hai. Machicha yaliyokaa wiki nzima kwenye kopo yamebaki na chachu chache, nazo zikidumbukizwa kwenye baridi hukaa kwanza bila kuzaana. Ndiyo maana mpishi hakuona hata povu.

Katika kungoja huko kuna hatari nyingine kwa pombe. Chachu ikichelewa kushika, sukari inabaki mezani kwa kila mdudu. Bakteria wa uchachu ni marafiki wa pombe hii, ndio wanaoipa ukali mzuri, lakini wale wa siki na wa kamasi hupata nafasi pale pombe inapokaa siku mbili bila kilevi ndani yake na mfuniko ukifunguliwa kila saa kuonjwa. Kuonja kila saa hakuharakishi kitu. Kunaingiza hewa na kutoa joto.

Sakafu nayo ina lawama. Saruji iliyopoa usiku kucha hunyonya joto kupitia kitako cha pipa mchana kutwa. Kipande cha mbao, gunia la pumba au hata maboksi matatu yaliyotandazwa vingelitenga pipa na sakafu. Na wanaotumia mtungi wa udongo wakae macho zaidi: mtungi unaotoa jasho hupoza kilichomo chini ya joto la hewa. Sifa hiyo inayowapa watu maji ya baridi Novemba huiua pombe Julai, hasa upepo ukiwa mkavu. Gunia lililolowa povu au maji likivishwa pipa hufanya vilevile. Likilowa liondolewe, livishwe kavu.

Kuna jambo la kimea pia, tulipitie haraka. Wakati wa baridi nafaka iliyoloweshwa usiku mmoja na kufunikwa kwenye gunia bichi haichipui kwa siku tatu. Hungoja hadi tano au sita. Anayeanika kwa kuhesabu siku bila kutazama chipukizi atapata kimea dhaifu, uji hautalainika wala kuwa mtamu wa kutosha. Katika kisa hiki uji ulilainika, kwa hiyo kimea kilikuwa sawa. Anayetumia kimea cha mtama badala ya uwele asisahau kupukusa mizizi na chipukizi zote baada ya kukausha na kuzipepeta, kwa kuwa chipukizi za mtama zina sumu ya sianidi.

Kwa nini jiko halikupasha pombe

Chumba kilikuwa mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5: mita za ujazo 22.5. Hewa yote iliyomo haizidi kilo 27. Kuipandisha hewa hiyo joto kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli zisizozidi 27. Kupandisha lita 80 za uji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 336. Kwa hiyo chumba hupata joto upesi, watu wakajisikia vizuri na kuvua blanketi, huku pombe ikibaki nyuma. Joto hupanda kwenye bati, bati hulitupa angani. Gramu 600 za mkaa zina kilojuli 17,000 hivi. Kuyatoa mapipa yote mawili kwenye nyuzi 17 hadi 28 kungehitaji 3,700. Mpishi alichoma zaidi ya mara nne ya joto lililohitajika, na pombe ikapata nyuzi mbili tatu.

Kwa lugha ya jikoni: jiko lilikuwa linapasha bati.

Kilichokuwa kinajaa chumbani

Mkaa ukiungua hewa ikiwa haba hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi unaofukuza watu hauko kwenye makaa mekundu, na hapo ndipo imani inapojengeka kwamba jiko likishakolea limekuwa salama. Ukitazama jiko lililokolea gizani utaona ndimi ndogo za buluu zikicheza juu ya makaa. Ndimi hizo ni gesi hiyohiyo ikiungua. Zikizimika kwa sababu makaa yamepoa au yamefunikwa majivu, gesi haiungui tena: inatoka nzima. Kufunika majivu ili jiko "lilale" hadi asubuhi ni kurefusha saa za kutoa gesi, wakati watu wako usingizini.

Sufuria ya maji juu ya jiko haisaidii kitu. Gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Maji yale yanaongeza mvuke tu, na mvuke huleta hisia kwamba hewa ni laini.

Tufanye hesabu kwa upole. Kilo moja ya mkaa kwenye jiko la kawaida hutoa zaidi ya gramu 100 za kaboni monoksaidi. Gramu 600 zitatoa gramu 60 au zaidi. Zigawe kwa mita za ujazo 22.5: miligramu 2,600 na zaidi kwa kila mita ya ujazo, kama hakuna kilichotoka. Kwa kweli nyumba huvuja. Basi tuseme sehemu tisa kati ya kumi zilipenya nje licha ya vitambaa na gunia. Zinabaki 260. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 35 kwa saa moja, na 10 kwa saa nane. Waliolala mle walikuwa mara saba juu ya kikomo cha saa moja, na walikaa saa tisa.

Hesabu hii inajibu pia swali la dirisha. Watu huuliza: nikiacha dirisha wazi vidole viwili, si inatosha? Haitoshi kwa usingizi. Dirisha likifunguliwa kiasi cha kuondoa gesi yote, baridi inaingia yote na jiko linakosa kazi. Hakuna upana wa dirisha unaozuia gesi na kubakiza joto.

Ndani ya mwili gesi hushika himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi inachopaswa kubeba. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima na hupata dozi mapema. Mimba iko hatarini zaidi, maana himoglobini ya mtoto tumboni huishika gesi hata zaidi na huiachia polepole; mama anaweza kujisikia nafuu huku mtoto bado ameumia.

Halafu kulikuwa na mapipa. Pombe inapochacha hutoa kaboni dayoksaidi. Lita 80 zikifikia kilevi cha asilimia 3 zitakuwa zimetoa takribani kilo 1.8 za gesi hiyo, karibu mita moja nzima ya ujazo, na ni nzito kuliko hewa. Kama jiko lingefaulu na pombe ikachemka usiku ule katika chumba kilichozibwa, waliolala kwenye godoro sakafuni wangekuwa wa kwanza kuivuta. Katika kisa hiki pombe haikuchacha, hivyo gesi hii haikuwa sababu. Lakini chumba cha kuchachishia hakilazwi mtu, kipupwe au kiangazi, jiko liwepo au lisiwepo. Hili ni sharti tunalolisimamia bila kulegeza.

Asubuhi: dakika zilizopotea

Mpishi alifanya jambo moja sahihi na kubwa: alifungua mlango na dirisha na kuwaburuta wote watatu nje. Jirani aliyeitikia kelele akasema, "Mama, wape maziwa, wamekunywa kitu." Mwingine akataja gongo. Ikatafutwa maziwa, zikapita dakika ishirini.

Maziwa hayaondoi gesi kwenye damu. Kumnywesha aliyelegea ni kumpeleka maziwa mapafuni. Na dhana ya pombe mbaya ilikuwa rahisi kuipima palepale. Mtoto hakunywa chochote, naye ni mgonjwa. Togwa ile haikuwa na kilevi. Sumu ya methanoli, ile ya kinywaji kilichochakachuliwa, mara nyingi huanza kujionyesha baada ya saa 12 au zaidi na hugusa macho. Mtu huona ukungu. Waliolala chumba kimoja wakaumwa usiku mmoja, kichwa, kizunguzungu, kutapika, miguu kukosa nguvu, bila homa, na aliyelala chumba kingine ni mzima: hapo swali la kwanza ni moto gani uliwaka humo ndani.

Malaria nayo huibeba lawama kwa urahisi. Kichwa na kutapika vinafanana. Tofauti iko kwenye homa, kwenye idadi ya wagonjwa kwa mara moja, na kwenye nafuu inayokuja mtu akitoka nje. Wapo wanaoamka na kichwa kila asubuhi ya Julai, wakapona kufikia saa 4, wakanunua dawa ya maumivu kila siku, kumbe ni jiko la usiku. Nafuu hiyo ya nje ndiyo huwadanganya warudi kulala palepale.

Cha kufanya ni kifupi. Anayeingia kuokoa avute pumzi nje, afungue mlango na dirisha, atoe watu, asibaki ndani kuzima jiko kabla ya kutoa watu. Aliyelegea lakini anapumua alazwe ubavu. Asiyepumua apuliziwe na kukandamizwa kifua kama mhudumu anajua. Kisha hospitali, moja kwa moja, wote waliolala humo, hata anayesema amepona. Kwa wakazi wa mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa ndizo zinazofikika. Anayepeleka atamke mlangoni: walilala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Maneno hayo yana uzito kuliko kipimo chochote cha haraka.

Tunasisitiza hili kwa sababu ya kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Kipima oksijeni cha kidole hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Kitaonyesha 97 au 98 kwa mtu ambaye damu yake imejaa gesi. Mhudumu asiyeambiwa habari za jiko anaweza kuona namba nzuri na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Tiba ni oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15 kwa dakika, bila kungoja kipimo cha damu. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi huondoka baada ya saa nne hadi tano. Kwa oksijeni tupu huondoka ndani ya saa moja hadi moja na nusu. Mjamzito huwekewa muda mrefu zaidi.

Na wiki zinazofuata ziangaliwe. Kwa baadhi ya watu, siku chache hadi wiki kadhaa baada ya kupona, huja usahaulifu, kubadilika tabia, mwendo wa kuyumba. Mtoto aliyekuwa msikivu darasani akaanza kusahau arudishwe hospitali, na mwalimu aambiwe.

Kupasha pombe bila moto ndani

Njia bora ni kutoliacha joto liondoke. Jumatano usiku mpishi angetoa mapipa motoni, akayafunika kwa kitambaa safi na mfuniko, akayasogeza mahali pasipo upepo na kuyakagua kila baada ya muda. Uji ukifika nyuzi 32 hadi 35 ndipo kimea cha pili kinatiwa, hata kama ni saa 6 usiku. Asiye na kipimajoto atumie kiwiko kilichooshwa: uji usiohisiwa moto wala baridi uko kwenye 35 hivi. Ukichoma kidogo, ngoja. Kutia kimea kwenye uji wa nyuzi 45 na zaidi huua chachu, na hilo ni kosa la wenye haraka.

Kisha pipa livishwe. Chini, gunia la pumba au mbao. Pembeni, magunia makavu mawili au blanketi kuukuu, juu yake kamba. Juu ya mfuniko, kitu kizito cha kutunza joto, lakini mfuniko usikazwe. Gesi itafute njia. Pombe ikishaanza kuchacha hujitengenezea joto lake, na lita 40 zilizovishwa vizuri hulitunza. Ndiyo maana madumu madogo ya lita 5 na 10 hugoma kuchacha kipupwe wakati pipa kubwa la jirani linachemka.

Machicha ya kutilia yawe ya pombe ya juzi au jana, lita moja kwa kila pipa. Kama hakuna, hamira ya kuumulia mkate hufaa: gramu 20 kwa lita 40, iamshwe kwanza kwa dakika 15 katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Wapo wanaoona hamira inaharibu ladha ya ujimbi. Ladha hubadilika kweli, ukali hupungua kidogo. Lakini oda ikiwa na tarehe, sisi tungeitia.

Na pombe ikiwa imeshapoa, kama ilivyokuwa Alhamisi asubuhi? Hapa kuna njia ambayo ingezuia kisa chote. Chukua dumu gumu la lita 10 lisilovuja, lioshe nje kwa sabuni, lisuuze kwa maji yaliyochemka. Tia ndani lita 3 za maji ya baridi kwanza, kisha lita 7 za maji yanayochemka. Utapata nyuzi 72 hivi. Funga kwa nguvu, lizamishe kwenye pipa la lita 40 lenye nyuzi 17. Pipa la lita 60 lina nafasi ya kulipokea. Zikilingana, pombe na dumu vitatua kwenye nyuzi 28 pungufu kidogo. Koroga kila dakika kumi kwa mwiko safi ili uji ulio karibu na dumu usipate moto wa kuua chachu. Baada ya saa moja hivi litoe, vika pipa. Mapipa mawili, madumu mawili, lita 14 za maji ya kuchemsha. Maji huchemshwa uani, jiko linabaki uani.

Baridi ya Dodoma ikishuka sana, dumu lingine la lita 5 lenye maji ya moto liwekwe nje ya pipa ndani ya blanketi kabla ya kulala. Hilo linatosha hadi alfajiri.

Na watu wenyewe walale vipi

Wageni walihitaji joto pia, si pombe peke yake. Upepo uzibwe upande unakotoka, mashariki na kusini mashariki, na uwazi wa upande mwingine uachwe. Godoro linyanyuliwe kwenye kitanda au mkeka mnene, kwa sababu saruji inayonyonya joto la pipa hunyonya la mgongo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa khanga, miguuni. Dari, hata ya turubai au ya magunia yaliyoshonwa, hupunguza sana baridi inayoshuka kutoka kwenye bati. Anayetaka kuota moto aote uani au barazani, kisha jiko limwagiwe maji au mchanga hukohuko nje. Jiko lililozimwa kwa majivu na kuingizwa ndani "kwa kuwa limekwisha" bado linatoa gesi kwa saa kadhaa.

Nyumba za tembe zenye udongo mzito juu na kando hutunza joto la mchana vizuri kuliko bati, na hilo linastahili heshima. Lakini madirisha yake ni madogo, kwa hiyo mkaa ndani yake una hatari ileile.

Pombe ya Jumamosi

Gesi ya mkaa haikuitia pombe sumu. Jumamosi saa 4 asubuhi ilikuwa na nyuzi 20, harufu safi, bila utando juu wala kamasi. Ikipashwa kwa madumu, ikatiwa machicha mapya na kuvishwa, itakuwa tayari Jumapili jioni. Ingekuwa na harufu ya siki kali au inavutika kama ute wa bamia, ingemwagwa, maana hakuna joto la kuirudisha.

Mwenye oda aambiwe Ijumaa mchana, pombe inapoonekana kimya, si Jumamosi asubuhi. Jando halisogei, lakini lita 80 za kununua kwa mpishi mwingine zinapatikana kama kuna saa 20 za kutafuta. Kwa oda za Juni hadi Agosti kimea kianze kuloweshwa siku kumi na mbili kabla, uji upikwe siku tatu na nusu kabla ya kunywewa badala ya mbili na nusu, na mkataba wa mdomo utaje hivyo tangu siku ya kupokea fedha za unga.